Mikono Tuliyoikalia

Baada ya arobaini ya baba, tulipogawana vitu vyake, mimi niliomba redio. Hakuna aliyenibishia, maana ilikuwa imeacha kuongea miaka mingi. Niliileta nyumbani kwangu Mpanda, nikaiweka mezani, nikabandua mfuniko wa nyuma kwa ncha ya kisu. Betri zilikuwa zimevimba na kuvuja maji meusi, na harufu ikanipanda puani kabla sijajiandaa. Ilikuwa harufu ya chuma kilicholala mvuani na ya masizi, yenye uchungu ambao ulimi unautambua hata bila kuuonja. Nikakaa kitini. Watoto wangu walidhani namlilia babu yao, na kweli machozi yalinitoka, ila akili yangu ilikuwa imeshafika kwingine. Ilikuwa darasani.

Shule yetu haikuwa na rangi ya dukani ya kupaka ubao. Ulipopauka tuliambiwa kila mtoto aje na betri moja iliyokufa. Tulizipasua kwa mawe, tukatoa ule unga mweusi, tukauponda pamoja na majani ya maboga, tukamimina maji kidogo, na sisi wasichana tukausugua ubao kwa matambara mpaka viganja vikawa vyeusi kama sufuria. Kisha tulirudi kwenye madawati, ubao ukikauka na kunuka, mwalimu akaandika swali kwa chaki nyeupe, akageuka. Na hapo hakuna hata msichana mmoja aliyeinua kile kiganja cheusi. Tuliikalia mikono yetu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kuikalia kulikuwa kunaniokoa.

Familia yetu ilishuka na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga nikiwa bado nabebwa mgongoni. Tulijenga nje ya Majimoto, pale mbuga inapoanzia, ambapo wakati wa masika udongo mweusi unang'ang'ania mguu kama deni... hapana, kama mtoto asiyetaka mama yake aende sokoni. Nyumbani tulisema Kisukuma. Shuleni, mwendo wa saa nzima kwa mguu, tulikutana na watoto wa Kipimbwe na wa Kifipa, na huko ilikuwa Kiswahili tu. Aliyenishika mkono kunipeleka siku ya kwanza ni dada yangu Limi, na ndiye aliyeniambia njiani, "Minza, mwalimu akiuliza kitu unachokijua, nyoosha mkono. Usiseme kabla hajakuita." Kwangu Limi ndiye alikuwa shule yenyewe. Darasa lao lilikuwa jirani na letu, ukuta ulikuwa na tundu, na kupitia tundu lile niliuona mkono wake ukipanda kila mara, mwembamba, umenyooka, kama mtu anayetaka kugusa bati.

Nilipokuwa darasa la pili, Limi yuko la sita, niliona mambo matatu yakifuatana. Kwanza, Mwalimu Sikazwe, mwalimu wetu wa hesabu, mtu mwembamba mwenye baiskeli iliyolia kila pedeli ilipozunguka, alikuja nyumbani kwetu. Mayu, yaani mama, akanituma nimpelekee kiti. Aliongea na baba kwa sauti ya chini, nikasikia jina la Limi, kisha nikafukuzwa nikacheze. Wiki iliyofuata akaja tena. Na baada ya hapo waliingia zizini kwetu ng'ombe kumi na wanne ambao sikuwajua, na Limi akafungwa khanga mpya, akaondoka na watu wa Usevya. Mayu alilia chini ya ghala la mpunga akidhani hakuna anayemwona.

Hakuna mtu mzima aliyenieleza chochote. Waliokuja kunieleza ni wasichana wa shuleni. Kiongozi wao alikuwa Yusta, mtoto wa Kipimbwe mwenye mabega mapana na sauti iliyofika ng'ambo ya mto. "Dada yako alijipendekeza," aliniambia. "Alikuwa mke wa mwalimu. Msichana anayenyoosha mkono ni mke wa mwalimu, ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui, na nilipoambiwa nikaelewa moja kwa moja, kwa namna yangu. Baba alikuwa amewahi kunichukua mnadani. Pale niliona mtu ananyoosha mkono, na ng'ombe anaondoka. Sasa darasani Limi alinyoosha mkono, ng'ombe wakaja, na Limi akaondoka. Mwalimu alikuwa amekuja mara mbili kutoa habari. Kila kitu kilikaa mahali pake. Niliazimia kwamba mimi hawatanipata.

Hivyo nikaanza kuukalia mkono wangu. Mwanzoni ilikuwa kazi, maana jibu lilinijia haraka na mkono ulitaka kupanda wenyewe, nikaubana chini ya paja mpaka ukafa ganzi. Lakini hofu peke yake isingenikalisha kimya miaka minne. Kulikuwa na utamu pia, na nikiuficha nitakuwa naongopa. Wasichana wote walikuwa kimya, na kuwa kimya pamoja nao kulikuwa na joto kama la kulala watatu kwenye mkeka mmoja. Wakati wa mapumziko tulicheza rede kwa mpira wa soksi, na Yusta ndiye aliyechagua nani acheze upande upi. Msichana aliyejibu swali asubuhi hakuchaguliwa mchana. Alisimama pembeni akijifanya anatoa mwiba mguuni. Jioni alitembea peke yake njia yote ile ya mbugani, huku sisi tukitangulia kwa kundi, tumeshikana viuno, tunaimba. Nani anataka kutembea peke yake? Niliwaona wawili watatu wakijaribu, wakadumu wiki moja, wakaacha.

Mwalimu Sikazwe alituuliza mara nyingi. "Nyie wasichana mna nini? Mbona kwenye madaftari mnapata, mkiulizwa mnakuwa kama mmemeza chaki?" Tulitazama chini. Akaendelea kutujaribu kwa mwaka mmoja hivi, kisha akachoka kama mtu yeyote anavyochoka, akawa anauliza huku macho yako upande wa wavulana. Hapo ndipo jambo lililonitisha lilianza, ingawa wakati ule halikunitisha. Jibu lililokuwa likinijia haraka likawa linachelewa. Baadaye likawa haliji kabisa. Nilikuwa nakaa kimya kwa sababu sijui, na nilikuwa sijui kwa sababu nilikuwa nimekaa kimya. Daftari langu likajaa mikasi, zile alama za kukosa. Baba alipoletewa taarifa ya maendeleo yangu, akamwomba kaka yangu Masanja amsomee, akatikisa kichwa. "Huyu shule haimwingii," alisema, bila hasira yoyote, kama anayesema mvua haitanyesha leo.

Spesioza alikuja tukiwa darasa la sita. Wazazi wake walikodi shamba la mpunga jirani na mfereji. Walitoka upande wa Mishamo, ambako babu zake walifika zamani wakikimbia vita Burundi. Yeye mwenyewe alizaliwa huku huku. Alivaa sweta la kaka yake lililofika magotini, na Kiswahili chake kilikuwa na mkunjo wa Kirundi ambao wavulana waliuiga siku nzima ya kwanza. Mwalimu Sikazwe aliuliza swali la sehemu, na mkono wa sweta ukapanda. Akajibu. Akapata. Nyuma Yusta akanong'ona kwa sauti ambayo darasa zima lilisikia, "Mke wa mwalimu."

Spesioza aligeuka, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mke wake si yule mama anayeuza vitumbua pale nje?"

Hata mwalimu aliinamisha uso kuficha kicheko. Nami nilicheka, kicheko kilichotoka bila ruhusa, halafu nikaona Yusta ananiangalia, nikakimeza. Alikuwa amechekwa mbele ya watu, na kiongozi hachekwi. Mchana, chini ya ukuta, aliniambia, "Minza, wewe unajua maneno. Mtungie wimbo."

Ningeweza kusema sijui. Lakini Yusta alikuwa ameniomba mimi, kati ya wote, na nilijisikia kama mtu aliyepewa kiti mbele ya wageni. Na jina lenyewe lilikuwa na neno ndani yake, mimi ndiye niliyeliona. Haikuchukua hata nusu ya mapumziko:

*Spesi-oza, Spesi-oza,
mkono juu, baba atakuoza!*

Kufikia Ijumaa, watoto wa darasa la kwanza waliuimba wakichota maji. Wavulana waliupigia makofi. Niliruhusiwa kuchagua upande wangu wa rede, jambo ambalo Yusta hakuwahi kumruhusu mtu. Spesioza aliendelea kunyoosha mkono, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila ulipopanda wimbo ulivuma chini ya madawati kama nyuki. Sijui alikuwa na moyo wa namna gani. Mwisho wa muhula hakuonekana siku nne. Aliporudi, mwalimu akauliza swali, akamtazama yeye kwa mazoea. Mikono ya Spesioza ilikuwa chini ya dawati. Yusta alinifinya bega kwa furaha. Tulikuwa tumeshinda, na mimi nikashindwa kumtazama Spesioza usoni.

Likizo ile Limi alikuja nyumbani kumwonyesha mayu mtoto wake wa pili. Alikuwa amenenepa mikono na kukonda uso. Tulikwenda naye mfereji kufua, na mimi, kwa kuwa nilitaka anisifu, nikamwambia siri yangu ya miaka minne.

"Mimi hawatanioza. Sinyooshi mkono kamwe."

Limi aliacha kufua. "Mkono gani?"

Nikamweleza yote: mke wa mwalimu, mnada, ng'ombe, na Mwalimu Sikazwe aliyekuja mara mbili kumnadi kwa baba. Alianza kucheka, akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka, kisha kicheko kikaisha ghafla na akanishika kidevu kwa mkono wenye povu.

"Sikiliza wewe. Mwalimu alikuja kuniombea. Alimwambia baba, mzee, mwache huyu mtoto amalize, huyu atafika sekondari. Siku ya pili alikuja kusema hivyo hivyo, baba akamwambia, mwalimu, mwanangu Masanja hana mke na watu wananiuliza. Ng'ombe zangu ndizo zilizomwolea Masanja. Ndiyo hivyo tu. Sikuozwa kwa sababu ya kujua hesabu, Minza. Hesabu ndiyo kitu pekee kilichokaribia kuniokoa."

Maji yaliendelea kupita. Nilisema, "Lakini wote wanasema..."

"Wote nani?"

Nikashindwa kutaja hata mmoja aliyeanzisha. Yusta aliupata usemi ule kwa waliomtangulia, nao kwa waliowatangulia wao. Limi akainamia nguo tena. "Sengi ameshaleta maneno kwa baba," alisema polepole. Sengi kwetu ni shangazi, dada yake baba. "Kuna mtu huko Kibaoni anatafutia mwanawe mke. Baba amesema tungoje mtihani wa darasa la saba. Ukifeli, nani atakuja na baiskeli kukuombea? Mwalimu mwenyewe anadhani huna akili."

Nilirudi shuleni na maneno hayo, na bado wiki mbili nzima niliukalia mkono. Watu hudhani ukishaujua ukweli basi umeshabadilika. Mimi niliujua, na bado kila nilipotaka kuinua kiganja nilisikia nyuma yangu wasichana kumi wakipumua. Isitoshe, sasa sikuwa na jibu lolote la kutoa. Miaka minne ilikuwa imeyala majibu yote.

Ilikuwa asubuhi tuliyopaka ubao. Tulikuwa tumeingia darasa la saba. Harufu ya betri na majani ilikuwa imejaa chumba, viganja vyetu vyeusi, na Mwalimu Sikazwe akachora tangi la maji la umbo la duara, akaandika kimo chake na kipenyo cha mdomo wake, akauliza litachukua lita ngapi. Swali gumu. Hata wavulana walitazama nje. Mwalimu akamtazama Spesioza. Niliona, kwa sababu nilikaa dawati la pembeni yake, kidole chake kikiandika kwenye paja, haraka haraka, namba baada ya namba, kisha kikasimama. Alikuwa amelipata. Mikono yake ikabaki chini.

Wangu ukapanda.

Sikuuamuru. Au niliuamuru na sikumbuki. Nakumbuka tu kuuona hewani, mweusi kote, na kufikiri, huyo ni nani? Darasa zima liligeuka. Nyuma, sauti ya Yusta, kama mtu asiyeamini: "Mke wa mwalimu?"

"Ndiyo, Minza!" Mwalimu alisema, na furaha iliyokuwa usoni kwake ilinitia aibu. "Simama. Jibu."

Nikasimama. "Sijui, mwalimu."

"Hujui?"

"Sijui."

"Sasa umenyoosha mkono wa nini?"

"Nimechoka kuukalia," nilisema. Ilikuwa kweli tupu, sikuwa na kingine.

Darasa lililipuka. Wavulana walipiga madawati, mmoja akaanguka chini. Nilibaki nimesimama, masikio yanawaka, nikingoja mwalimu anitoe nje. Lakini Mwalimu Sikazwe hakucheka na hakukasirika. Aliweka chaki chini, akafuta vidole kwenye suruali, akangoja mpaka kelele zikaisha zenyewe.

"Vizuri," alisema. "Minza hajui, na amesema. Nani mwingine hajui? Anyooshe mkono."

Kisha msichana mmoja wa mbele, mdogo, ambaye hata sauti yake nilikuwa siijui, akainua mkono hadi sikioni. Mwingine akainua. Mvulana aliyekuwa anajibu kila siku akaangalia huku na huku, akainua wake. Ikawa kama mvua inayoanza kwenye bati, tone hapa, tone pale, halafu yote. Mikono ya wasichana yote ilikuwa myeusi. Nikageuka nyuma. Yusta alikuwa ameuma mdomo, macho yamemlowa, na mkono wake ulikuwa juu kuliko wote. Baadaye aliniambia kwamba hakuwa amelijua jibu la swali lolote tangu darasa la tatu, na kwamba siku zote alituogopa sisi, wote kwa pamoja, tusije tukagundua. Na sisi tulimwogopa yeye.

Mkono mmoja tu ulibaki chini. Mwalimu akauona.

"Spesioza," alisema kwa upole, "hujanyoosha."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu najua."

"Basi njoo."

Alikwenda ubaoni, rangi ikiwa bado mbichi, akaandika hatua moja baada ya nyingine na sweta likaingia weusi kiwikoni. Hakuna aliyeimba. Alipoweka mstari wa chini wa jibu, mtu akaanza kupiga makofi, na mtu huyo alikuwa Yusta.

Jioni niliwaacha wengine watangulie, nikamngoja Spesioza kwenye kona ya mfereji. Nilikuwa nimejipangia maneno marefu, yakatoka machache. "Ule wimbo niliutunga mimi."

"Najua," alisema. "Yusta hawezi kutunga vile." Tulitembea kidogo. "Mdogo wangu wa miaka mitatu anauimba nyumbani. Mama hajui maana yake, anampigia makofi."

Nilisema nisamehe, akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaamua. Kisha akauliza, "Lile tangi, ulikwama wapi?" Tukakaa kwenye ukingo, akanichorea kwenye tope kwa kijiti, na tukafika nyumbani jua limezama, nikapigwa na mayu kwa kuchelewa, na lilikuwa pigo zuri kuliko yote niliyowahi kupata.

Kesho yake tulikuwa wanne pale kwenye ukingo. Wiki iliyofuata tulikuwa wasichana wote kumi na mmoja, na wavulana wakaanza kusogea. Yusta ndiye aliyeshika usukani, nani mwingine? Sauti ile ile, mabega yale yale. Aliweka sheria kwamba haondoki mtu kabla hajasema kitu kimoja asichokijua. Ukijifanya unajua kila kitu, huchaguliwi kwenye rede. Nimeyafikiria haya sana tangu nifungue ile redio. Hatukuwa tumebadilisha watoto. Walikuwa wale wale kumi na mmoja, wenye kiu ile ile ya kutembea njiani wameshikana viuno. Ila sasa aliyenyamaza ndiye aliyeonekana mgeni, na hivyo hakuna aliyetaka kunyamaza. Mwalimu Sikazwe alianza kubaki jioni. Mkewe akawa anatuletea vitumbua vilivyobaki, na Spesioza akimpokea anasema, "Asante, mke wa mwalimu," na sisi tunaanguka kwa kicheko, mama wa watu haelewi kwa nini.

Siku ya majibu ya mtihani wa darasa la saba wazazi waliitwa shuleni. Baba hakutaka kuja. Alikuja kwa sababu sengi alitaka kujua, na yeye akaja kusikia atamjibu nini. Alisimama nyuma na wafugaji wenzake, fimbo begani, redio yake kwapani. Mwalimu mkuu akasoma majina. La kwanza lilikuwa la Spesioza, na baba yake, mtu mkimya, akavua kofia akaikumbatia kifuani. La pili, la tatu. Halafu langu, likiwa na jina la baba kwa ukamilifu wake.

Mayu ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Wanawake wa Kipimbwe wakakipokea, wa Kifipa wakakipokea, kikazunguka kiwanja. Watu waligeuka kumtafuta baba, wakampa mikono, watu ambao hawakuwahi kumsalimia ila kwa kesi za ng'ombe kuingia shambani. Nilimwona akihamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda ule ili aweze kuwapokea wote. Sijawahi kumshinda baba kwa hoja, wala Mwalimu Sikazwe hakumshinda. Kilichomshinda ni yale makofi. Miaka mitano nyuma watu walimuuliza mbona Masanja hana mke, akamtoa Limi. Leo watu wale wale walimwambia hongera mzee, na akasimama wima kidogo zaidi. Sengi alipomsogelea, nilimsikia mwenyewe akisema, "Mwambie huyo mtu wa Kibaoni aangalie kwingine. Hukusikia jina langu limesomwa?"

Wasichana saba kati ya kumi na mmoja tulifaulu. Yusta hakuwemo. Alilia siku moja, akaamka, na leo ana mashine ya kukoboa mpunga Majimoto, na mama anayeleta mpunga siku ya shule akiwa na binti wa kusaidia kubeba anaulizwa mbele ya foleni nzima huyo mtoto anatafuta nini pale. Nasikia wameacha kuwaleta. Spesioza ni muuguzi Kigoma. Tunapigiana simu, na akitaka kunikasirisha ananiimbia ule wimbo wote.

Lakini kuna siku moja zaidi ambayo lazima niiseme, kwa sababu ni ya baba.

Sekondari ilikuwa mbali na wasichana walilala hosteli, kila mmoja na godoro lake. Ilikuwa Januari, mvua imeshiba, mbuga yote tope. Baiskeli haikupita. Mayu alibeba sanduku langu kichwani na mdogo wangu mgongoni, mimi nikabeba ndoo na mfuko wa mchele. Likabaki godoro, jekundu, jipya, limefungwa kwa kamba. Masanja alilitazama akaangalia pembeni. Kwetu mwanamume hajitwishi kichwani. Mzigo wa kichwa ni wa wanawake, na mzee mwenye zizi kama la baba alibeba fimbo tu. Baba alilizunguka godoro mara moja, akampa Masanja fimbo yake, akainama, akajitwisha.

Tulitembea saa nzima. Tope lilimfika kwenye mashavu ya miguu, na alijifunza njiani jinsi ya kushika shingo, nikimwona akiyumba kisha akijirekebisha. Ilikuwa siku ya soko Majimoto. Ili kufika kwenye gari ilibidi tupite mbele ya banda la chai ambako wafugaji wote wanakaa, rafiki zake, watu ambao maneno yao yalikuwa yameongoza nyumba yetu tangu nizaliwe. Vikombe vilisimama hewani. Kisha mmoja wao akaita kwa Kisukuma, kwa sauti ya dhihaka, "Ee, Ng'wana Kulwa! Leo wewe ndiye mama wa nyumba?"

Mayu alipunguza mwendo. Mimi nilitamani ardhi inipokee. Baba alisimama, akageuka taratibu na godoro lake jekundu, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji yaliyojaa.

"Nampeleka binti yangu shule," alisema. "Nyie wa kwenu mnawapeleka wapi?"

Alisubiri kidogo, kwa adabu, kama wangekuwa na jibu. Kisha akaendelea na safari, na nilipomfuata niliona kwamba hakuwa anashika tena kwa mkono. Lilikuwa limetulia lenyewe kichwani, na mikono yake yote miwili ilikuwa inapunga kandoni, huru, kama ya kijana.

Januari iliyofuata, nilipokuwa narudi kidato cha pili, kulikuwa na wazee watatu pale kwenye gari, fimbo wamewaachia wana wao, na magodoro kichwani.